Bentley: Mkulima Aliyeuza Theluji kwa Senti Tano

Mwalimu wa Kenya kutafuta kipato cha pembeni si jambo jipya. Wapo wanaofuga kuku wa mayai, wapo walio na duka sokoni linaloangaliwa na mke au mume, na wapo waliokodi ekari mbili za viazi. Katika miaka ya karibuni limezuka kundi jingine ambalo limenivutia zaidi, nalo ni la walimu na wanafunzi wanaouza picha. Jumamosi huonekana harusini, siku ya mahafali huonekana katika viwanja vya vyuo, na siku nyinginezo huwapelekea wachapishaji wa vitabu picha za mito, mabonde na mimea. Mimi sina neno nao. Ila nimewasikiliza kwa muda mrefu wakizungumza, na aghalabu mjadala wao huwa ni ule ule: kamera ipi ni bora, lenzi ipi inavuta mbali, simu ipi imepitwa na wakati. Ni nadra mno kumsikia mmoja wao akijiuliza ni kitu gani anachokijua yeye ambacho mwenye kamera bora kuliko yake hakijui.

Kwa ajili yao nimeonelea leo nisimulie maisha ya mtu aliyekuwa mkulima wa ng'ombe wa maziwa, na ambaye katika saa alizoziiba kutoka kwa ng'ombe hao alipiga picha na kuziuza. Jina lake ni Wilson Alwyn Bentley. Alizaliwa tarehe 9 Februari 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki ya Marekani, na huko huko akafia mnamo Desemba 1931. Hakusoma chuo kikuu, hakuoa, wala hakuwahi kulihama shamba alilozaliwa. Bidhaa yake ilikuwa theluji.

Mimi ni mtu wa lugha, kwa hiyo msomaji aniwie radhi nikisimama kidogo kwenye neno hilo. Kiswahili kina theluji na kina barafu. Theluji imetoka katika Kiarabu. Barafu imetoka katika Kiajemi, na huko kwao neno hilo ni jina la ile ile inayodondoka kutoka mbinguni, wala si la jiwe la maji yaliyoganda. Watu wa pwani, ambao hawakuwa na hii wala ile mlangoni mwao, waliyapokea maneno yote mawili kisha wakayagawia kazi upya: barafu ikawa ile ngumu, na theluji ikawa ile laini ya kwenye vilele vya milima. Bara nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka wa 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa na makazi yake Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro, na kiongozi wake wa safari akauita weupe huo baridi tu, basi. Rebmann alipoandika kwamba ile ilikuwa theluji, mwanajiografia William Desborough Cooley, akiwa kwenye kiti chake London, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Mabishano yalidumu miaka mingi. Rebmann hakuwa na picha ya kumwonyesha. Nimelitaja jambo hili kwa sababu picha inayouzwa vizuri aghalabu ni ile inayomaliza ubishi, na Bentley alilifahamu hilo mapema.

Utoto wake naupitia haraka. Mamaye aliwahi kuwa mwalimu, naye ndiye aliyemfundisha mtoto nyumbani mpaka alipofika umri wa miaka 14. Mama huyo alikuwa na hadubini ndogo aliyoitumia zamani darasani. (Wanafunzi wasiichanganye na darubini: darubini huvuta kilicho mbali, hadubini hukuza kilicho kidogo.) Watoto wengine wa Jericho waliitumia theluji kurushiana madongoa. Huyu aliiweka chini ya hadubini, akaona kwamba kila chembe ni fuwele yenye pembe au matawi sita, na kwamba umbo la chembe hii silo la ile. Kwa vipupwe vitatu alijaribu kuyachora maumbo hayo kwa mkono. Alichora mamia. Kila mara fuwele iliyeyuka kabla mchoro haujakamilika.

Alipofika umri wa miaka 17 wazazi wake walimnunulia kamera iliyounganishwa na hadubini. Bei yake ilikuwa dola 100. Kwa hesabu ya shamba lile, hiyo ilikuwa thamani ya ng'ombe wote kumi wa babake. Mzee Bentley hakuipenda fikra hiyo hata kidogo, na mimi simlaumu. Mzazi wa Kiambu au wa Kakamega aliyeambiwa leo auze ng'ombe kumi ili mwanawe apige picha za umande angeita baraza la ukoo. Aliyelisukuma jambo hilo likawa ni mama, yule yule mwalimu wa zamani. Hadi anafariki, baba hakuacha kuiona kazi ya kijana wake kama upuuzi wa mtu anayepoteza saa za kukamua.

Kamera ilipofika haikuja na ufundi. Mwaka wa kwanza picha zilitoka kama vivuli. Hapakuwa na mwalimu wa kumfundisha, kwa sababu hapakuwa na mtu Marekani aliyekuwa ameifanya kazi hiyo kabla yake. Alijifunza kwa kukosea mpaka akagundua kwamba tundu la lenzi likibanwa liwe dogo sana, na mwanga ukaachwa uingie kwa muda mrefu zaidi, kingo za fuwele hutokea wazi. Tarehe 15 Januari 1885, zikiwa zimebaki wiki chache atimize miaka 20, alipata picha yake ya kwanza iliyo kamili.

Nataka msomaji aione kazi yenyewe, kwa maana bila kuiona hataelewa bei. Bentley alifanya kazi katika banda lisilo na moto, kwani joto lingemharibia. Theluji ilipoanza kuanguka alitoka nje na kibao cheusi, akakinga. Alizichungua chembe zilizotua, akazifagia kwa unyoya zile asizozitaka, na alipoiona moja nzuri aliinyanyua kwa kijiti chembamba mno na kuilaza juu ya kipande cha kioo. Aliibana taratibu kwa ncha ya unyoya ili ilale bapa. Wakati huo wote alijizuia kupumua, kwani pumzi moja ilitosha kuiyeyusha. Kisha kioo kilipelekwa mbele ya hadubini, kamera ikaelekezwa dirishani ili mwanga wa mchana upite ndani ya fuwele, na taswira ikanaswa juu ya kioo kikubwa kilichopakwa dawa. Chombo chake kiliweza kukuza kitu kutoka mara 64 hadi mara 3,600. Baada ya hapo kulikuwa na kuisafisha picha gizani. Upo msimu aliopata picha chache tu zinazofaa, japo Jericho huanguka theluji ya kadiri ya futi 10 kwa mwaka. Dhoruba iliyomfurahisha kuliko zote ilianguka tarehe 14 Februari 1928, ikadumu siku mbili, naye akapata picha zaidi ya mia moja. Alikuwa na umri wa miaka 63, na alikuwa ameingoja dhoruba kama hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Katika maisha yake yote alipiga picha zaidi ya 5,000.

Majirani hawakuona maana. Theluji kwao ilikuwa kama vumbi kwetu wakati wa kiangazi: kitu cha kufagiliwa mbali na mlango. Walimwona kuwa mtu mpole, mwenye kucheza piano na klarineti vizuri, lakini mwenye kasoro fulani kichwani.

Kwa muda wa miaka 13 baada ya picha ile ya kwanza, hakuna msomi aliyemjua. Mlango ulifunguliwa na Profesa George Henry Perkins wa Chuo Kikuu cha Vermont, ambaye mwaka wa 1898 alishirikiana naye kuandika makala katika jarida la sayansi lililosomwa na watu wengi. Hapo ndipo dunia ilipoanza kusikia ile kauli ambayo hadi leo watoto hufundishwa, kwamba hakuna chembe mbili za theluji zinazofanana. Baada ya makala hiyo barua zilianza kumiminika Jericho. Vyuo vikuu viliagiza picha ili vifundishie. Makumbusho yaliagiza. Majarida yaliomba picha za kuchapisha, na Bentley mwenyewe akawa anayaandikia makala, yakiwemo majarida makubwa kama Scientific American na National Geographic. Masonara waliagiza ili waige maumbo yale katika vipuli na mikufu, na wabunifu wa vitambaa wakafanya hivyo pia. Almuradi, mkulima ambaye hakuwahi kutembeza bidhaa yake mlango kwa mlango alijikuta na wateja asiowajua hata kwa sura.

Aliwauzia kwa senti 5 nakala moja.

Hapa ndipo tunapogawanyika, mimi na baadhi ya wenzangu ambao nimepata kujadiliana nao juu ya mtu huyu. Wenzangu husema alikuwa mjinga wa biashara, na hesabu wanayoitoa haina dosari. Kufikia mwaka wa 1926 Bentley alikuwa ametumia takriban dola 15,000 kwa kazi yake ya theluji: vioo, dawa, karatasi, stempu, na kadhalika. Katika muda huo huo alikuwa amepata takriban dola 4,000 kutokana na mauzo ya picha na slaidi. Hasara ni dola 11,000. Dola 4,000 zikigawanywa kwa miaka 41 tangu 1885 zinatoa wastani usiofika dola 100 kwa mwaka, yaani chini kidogo ya bei ya ile kamera ya kwanza. Na ili mtu afikishe dola 4,000 kwa senti tano tano, anahitaji kuuza nakala 80,000. Mwanafunzi yeyote wa biashara angemshauri apandishe bei au aache.

Naikubali hesabu, lakini siukubali uamuzi unaotokana nayo. Kwanza, wenzangu wanaisoma hesabu hiyo kana kwamba picha ndizo zilizomlisha. La hasha. Aliyemlisha ni ng'ombe. Bentley na nduguye Charles walilima shamba moja na kugawana nyumba moja, ndugu na jamii yake upande huu, Wilson peke yake upande ule. Alikamua, alivuna majani makavu, alichimba viazi. Kipato cha picha kilikuwa cha nyongeza, na kwa kuwa kilikuwa cha nyongeza hakikuwa na amri juu yake. Huu ndio uhuru ambao wauzaji wengi wa picha hawanao. Mwenye kuitegemea harusi ya Jumamosi ili alipe kodi ya nyumba hupiga picha anayoitaka bibi harusi, na akikataa atalala njaa. Simcheki, wapiga picha waliozunguka Uhuru Park miaka ya 1990 na kamera shingoni walisomesha watoto kwa kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba Bentley alikuwa na nafasi ya kupiga picha ambayo hakuna aliyeiomba.

Na alizipiga. Kati ya mwaka wa 1898 na 1904, wakati ambapo wateja wake walitaka theluji na theluji tu, aligeukia mvua. Alitaka kujua tone la mvua lina ukubwa gani. Alichukua chombo bapa, akakijaza unga laini uliochekechwa, akakiweka nje mvuani kwa sekunde chache. Kila tone lilipoanguka liliviringika na unga likawa punje, na punje zilipokauka akazipima. Aliipata njia ya kuoanisha punje na tone kwa kuangusha matone ambayo ukubwa wake aliujua. Alikusanya vipimo 344 na kuvichapisha mwaka wa 1904 katika jarida la idara ya hali ya hewa ya Marekani. Hapakuwa na sonara aliyetaka kipuli cha tone la unga. Kazi hiyo haikumletea hata senti 5, na wanasayansi walikaa miongo kadhaa kabla ya kutambua kwamba mkulima yule alikuwa amewatangulia. Mwalimu wa fizikia anayesoma makala haya anaweza kuirudia kesho na wanafunzi wake kwa sinia na unga wa ngano. Na katika shule nyingi za kwetu mvua ni rahisi kupatikana kuliko maabara.

Pili, kuna hii bei yenyewe. Senti 5 ilikuwa ndiyo bei ambayo shule ya kijijini iliweza kulipa. Picha iliyouzwa kwa dola 2 ingekwenda kwa sonara, na ingeishia kwa sonara. Naamini kwamba Bentley hakuikosea bei. Aliipanga kwa kumtazama mnunuzi aliyetaka kumfikia. Lakini sitaki nieleweke kwamba namshauri mwalimu wa leo auze kwa bei ya bure. Shule ya kijijini ni mteja mmoja, na kampuni yenye faida ni mteja mwingine, na kuwatoza bei sawa si ukarimu. Masonara walitengeneza vito kutokana na jasho la mtu aliyeganda vidole bandani, nao walilipa senti zile zile alizolipa mwalimu. Hapo wenzangu wana hoja, na nawapa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda picha kwa miaka 50, na mlinzi huyo halipwi mshahara. Lakini ni walimu wangapi wanaowapa wachapishaji picha bila hata karatasi moja inayosema itatumika katika kitabu gani, na katika matoleo mangapi?

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko pesa, maana linahusu ukweli wa kitu kinachouzwa. Picha ya fuwele inayopigwa kwa mwanga unaopita kiooni hutokea na mandhari ya kijivu hafifu. Fuwele yenyewe ni angavu, na mandhari nayo ni angavu, basi umbo halijitokezi. Bentley alitengeneza nakala ya kioo cha picha, kisha kwa ncha ya kisu akaikwangua dawa iliyoizunguka fuwele, ukingo kwa ukingo, kazi ya saa nyingi kwa picha moja. Kioo hicho kilipochapishwa, pale palipokwanguliwa palitoka peusi tititi na fuwele ikang'aa kama kito. Zile picha ambazo wengi wetu tumeziona katika vitabu ni hizo.

Mjerumani mmoja, Gustav Hellmann, mtaalamu mkubwa wa hali ya hewa, hakuridhika. Yeye alikuwa na mpiga picha wake, Richard Neuhauss, na picha za Neuhauss zilionyesha fuwele zilizovunjika, zilizopinda, zilizokosa tawi. Hellmann alimshutumu Bentley kwamba kisu chake kilikuwa kikiziremba fuwele, na kwamba maumbo yale kamilifu hayakuwa ya mbinguni bali ya bandani. Bentley alijitetea kwamba kisu hakikuigusa fuwele yenyewe, na kwamba vile vioo vya awali, visivyokwanguliwa, alivitunza vyote. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nimwamini. Mwongo hahifadhi ushahidi dhidi yake.

Walakini Hellmann hakukosea katika kila kitu. Kisu hakikudanganya, ila unyoya ulichagua. Bentley alizifagia fuwele zenye kasoro kabla hazijafika mbele ya lenzi, na wanaoichunguza theluji siku hizi wanakubaliana kwamba fuwele kamilifu ni chache na zilizovurugika ndizo nyingi. Mteja aliyenunua picha mia za Bentley alipata picha mia za kweli, na bado akabaki na fikra ya theluji isiyokuwa ya kweli. Hakuna aliyekusudia kumdanganya. Macho ya Bentley yalipenda uzuri, wateja nao walipenda uzuri, na soko likakaa kimya juu ya yaliyobaki kwenye kibao. Nimelitazama jambo hili mara nyingi katika fani yangu mwenyewe. Mkusanyaji wa methali huandika zile tamu na kuziacha zile butu, na baada ya vizazi viwili tunaamini kwamba wazee wetu hawakusema neno lolote ila la hekima. Mwalimu anayewauzia wachapishaji picha za Maasai Mara bila hata mti mmoja uliokatwa, au za Lamu bila hata waya mmoja wa umeme mbele ya mlango wa nakshi, amekaa pale pale alipokaa Bentley na unyoya wake. Hata ile kauli ya kutofanana imeguswa tangu hapo: mwaka wa 1988 mtafiti Mmarekani, Nancy Knight, alipata fuwele mbili ambazo chini ya hadubini zilishabihiana kiasi cha kuwashangaza wenzake.

Miaka ya mwisho ya Bentley ilileta heshima kuliko fedha. Mwaka wa 1903 alikuwa ameipelekea taasisi ya Smithsonian mjini Washington picha 500, akitaka ziwe mahali salama. Chama cha wanasayansi wa hali ya hewa cha Marekani kilimpokea, na mwaka wa 1924 kilimpa ruzuku ya utafiti. Ruzuku hiyo ilikuwa ya dola 25. Sijui kama nicheke au nilie, lakini kumbukumbu zinaonyesha kwamba alifurahi. Nyakati za kiangazi alitundika shuka uani kwa jirani, akawasha taa ya slaidi, na kuwaonyesha watu wa Jericho kile kilichokuwa kikiwaangukia vichwani kila mwaka. Onyesho hilo hakulitoza.

Kitabu chake kiliwezekana pale wanasayansi walipochangishana pesa na mwanafizikia William J. Humphreys wa idara ya hali ya hewa akakubali kuandika maelezo. Kilitoka Novemba 1931, kikiwa na picha zaidi ya 2,400. Wiki chache baadaye Bentley alitembea kwa miguu maili sita kurudi shambani katikati ya dhoruba ya theluji. Alifika akiwa mgonjwa. Nimonia ilimuua tarehe 23 Desemba 1931.

Kitabu kilisafiri kuliko mwenyewe. Kilimfikia Ukichiro Nakaya, mwanafizikia kijana katika chuo kikuu cha Hokkaido, Japani, ambaye hakuwa na vifaa vya utafiti ghali lakini alikuwa na theluji tele nje ya dirisha. Nakaya alianza kwa kupiga picha kama Bentley, na hakuzifagia zile zenye kasoro. Mwaka wa 1936 akawa mtu wa kwanza kutengeneza fuwele ya theluji ndani ya maabara, na akaonyesha jinsi baridi na unyevu vinavyoamua umbo lake. Swali ambalo Bentley alilibeba miaka 46 bila kulijibu, kwa nini hii ina matawi na ile ni bapa, lilianza kupata jibu hapo.

Vioo vyake vingi vya asili vimehifadhiwa katika makumbusho ya sayansi ya mji wa Buffalo, jimbo la New York. Nakala alizozichapisha kwa mkono wake zilitawanyika katika madroo ya walimu na makabati ya vyuo. Mnamo Januari 2010 kumi kati ya picha hizo za theluji zilipelekwa kwenye maonyesho ya vitu vya kale mjini New York, na kila moja ilitakiwa dola 4,800. Thamani ya dola imeshuka sana tangu enzi zake, sikatai. Hata hivyo karatasi moja ilibeba bei inayoupita mkusanyo wa mauzo yake yote kufikia mwaka wa 1926. Kule Jericho kwenyewe, jumuiya ya historia ya kijiji inatunza makumbusho yake katika kinu cha zamani chenye rangi nyekundu kando ya mto. Anayefika huko huonyeshwa kamera ile ya dola 100, na akitaka, huuziwa picha.